Dagaa wa Sabato

Igogo, Jumatano, 1 Oktoba 1997

Nimechaguliwa chuo cha Butimba, ualimu. Jina langu limebandikwa ubaoni, Dorcas Nestory Okech, na nimelitazama mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna kitu nimekipoteza pale.

Zamani, anasema Mama, ukichaguliwa Serikali ilikupa mpaka nauli ya treni. Siku hizi tunachangia gharama. Mzazi anachangia ada, godoro, ndoo, jembe na sare, na Serikali nayo inachangia ubao wa kubandikia majina. Ada ifike kabla ya kufungua Januari, la sivyo nafasi anapewa mwingine, na hao wengine ni wengi.

Nilipomwambia Baba alinishika kichwa akaomba hadi machozi yakamtoka. Alipomaliza nikamuuliza, "Na ada je, Baba?"

"Itapatikana," akasema.

Nilijua atasema hivyo. Hilo ndilo neno la nyumba yetu kama nyumba nyingine zinavyokuwa na mbwa. Baba alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipouzwa wakampunguza, na siku aliyorudi na kiinua mgongo chake Mama aliuliza tutakula nini, akajibiwa hilo hilo. Wenzake walifungua vioski vya soda. Yeye alichonga mtumbwi wa dagaa, akanunua karabai na nyavu, kisha akachukua rangi nyekundu akaandika ubavuni kwa mkono wake: YEHOVA YIRE. Maana yake, Mungu atatoa. Mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, wanauita Yire tu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jua linaelekea kuzama, tunafungua Sabato. Baba ameshaoga, amevaa koti. Nje mitumbwi yote inatoka na karabai zake, isipokuwa wetu. Giza la usiku ndilo shamba la mvuvi wa dagaa, kwa maana mwezi ukishajaa dagaa hawafuati taa. Kwa hiyo katika siku chache za giza tulizo nazo kila mwezi, zile za Ijumaa tunamrudishia Mungu.

Ngosha amepita mlangoni akielekea mwaloni. Ni Msukuma wa Misungwi, njaa ya mwaka huu ndiyo iliyomleta mjini yeye na mkewe Mhoja. Ni kibarua wa Mzee Paulo Chenge. Akachungulia akamwambia Baba, "Nestoli, huyo Mungu wako ana likizo kila wiki? Na mimi niandikishe basi!"

Baba alicheka. Alisema, "Karibu, Ngosha, nafasi zipo." Mimi sikucheka.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeanika dagaa na Mama tangu asubuhi. Wanawake wengine wa mwaloni wanaanika mchangani. Mama haanikii mchangani hata umpe nini. Ana jabali lake juu ya maji, analifagia, analimwagia maji, halafu ndipo anatandaza, na kugeuza anageuza kwa kiganja, siyo kwa reki, ili vichwa visikatike. Dagaa wake ukiwatafuna husikii hata chembe moja ya mchanga. Wateja wanamtafuta kwa kovu alilo nalo mkononi, pale karabai ilipomuunguza, wanasema, "Nipe wa yule mama mrefu mwenye kovu, yule asiyesema."

Ni kweli hasemi. Kwa siku nzima aliniambia maneno mawili: "Geuza" na "Pale."

Alhamisi, 16 Oktoba

Mbalamwezi. Wavuvi wanashona nyavu na kugombana.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua. Dagaa wa jana wameoza nusu, kuku wa jirani wanakula vizuri kuliko sisi. Redio inasema mvua za mwaka huu zitapita kiasi, zina jina lakini kila mtangazaji analitamka kivyake. Nimemuuliza Baba kuhusu ada. Nadhani unajua alivyojibu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mungu wangu, dagaa! Baba amerudi alfajiri mtumbwi umezama mpaka karibu na maandishi. Hakuna aliyeona wingi kama huu tangu mwaka uanze. Watu walitoka majumbani kuja kutazama. Jabali la Mama halikutosha, tukaomba majabali mawili ya jirani, nayo yakajaa, yakameta kama mabati mapya. Baba alisimama katikati yao akaniambia, "Haya, mwalimu. Umeona?" Nikaona kweli. Niliona ada yangu yote imelala juu ya mawe, na godoro juu.

Tatizo ni jua. Limetoka saa chache tu, kisha mawingu. Mpaka jioni dagaa walikuwa wamekauka nusu. Dagaa wa nusu hawawekwi guniani, wanapata joto na kuvunda. Lazima walale juu ya mawe hadi kesho wamalizike, na kesho ni Sabato.

Mama akasema, na kwa Mama hii ni hotuba, "Tumwambie Ngosha awatazame kesho. Mzee Chenge anafanya hivyo."

Ni kweli anafanya. Mzee Chenge ndiye mzee wa kwanza wa kanisa letu na ndiye mwenye lori la dagaa. Sabato yake hagusi hata kijiko. Anakaa kiti cha mbele na kitambaa cheupe mfukoni, na huku nyuma Ngosha anaanika, anageuza na kuanua dagaa wake, kwa sababu Ngosha si muumini na amri haimhusu. Hata mitumbwi yake inatoka Ijumaa usiku na vibarua. Waumini wengi wenye mali mwaloni wanafanya hivyo. Wamempata Mpagani wao wa siku ya Sabato kama watu wanavyopata mwavuli.

Baba akatikisa kichwa. "Amri inamtaja na mgeni aliye nyumbani mwako. Nikimtuma Ngosha nimefanya kazi kwa mikono ya Ngosha. Mungu si hakimu wa kudanganywa kwa mikono ya mtu."

"Na mvua ikinyesha?" nikauliza.

"Aliyetoa dagaa ndiye mwenye mvua, nyara," akasema, yaani binti yangu kwa Kijaluo chetu. "Waache."

Tumewaacha. Tumeimba wimbo wa kufungua Sabato na mimi nimeimba kwa sauti kuliko wote, nikitazama mbingu.

Jumamosi, 1 Novemba

Jua limeshazama, naruhusiwa kuandika.

Asubuhi palikuwa na jua. Tulikwenda kanisani tukiwa tumependeza, na kwenye Shule ya Sabato nilijibu maswali yote. Karibu na mahubiri nikaona upande wa Ukerewe umekuwa mweusi. Dirisha letu linatazama ziwa, sikuweza kutotazama. Mzee Chenge ndiye aliyehubiri, juu ya mana, jinsi wana wa Israeli walivyokusanya mara mbili siku ya sita, na wale waliotoka siku ya saba wasipate kitu. Alihubiri vizuri. Mtu ambaye dagaa wake wana mlinzi anaweza kuhubiri vizuri sana juu ya mana.

Upepo wa mvua ukaingia dirishani. Watu wakaanza wimbo. Nikamtazama Mama: midomo yake ilikuwa imesimama. Watu wote wanaimba, yeye anatazama mbele, mikono juu ya Biblia, ule wenye kovu umeushika ule mwingine. Nilisubiri ainuke. Nilijua akiinuka nitainuka naye. Hakuinuka.

Basi nikainuka mimi. Nilipita mbele ya magoti ya watu, nikamwona Baba amenigeukia, hakuwa na hasira, macho yake yalikuwa yananiomba. Nikatoka. Nilivua viatu mlangoni nikakimbia.

Mvua ilinikuta njiani. Nilipofika kwenye majabali Ngosha alikuwa anafunika dagaa wa Chenge kwa turubai. Aliponiona na gauni la kanisani, ninakusanya dagaa kwa mikono na kutia kwenye khanga, hakuuliza kitu. Aliacha turubai la tajiri wake likipigwa na upepo akaja kunisaidia. "Shika pale, dada mwalimu! Pale, pale!" Tuliokoa jabali la Mama na nusu ya lile la pili, tukawatandaza ndani ya kibanda chake juu ya moto wa moshi. Waliobaki maji yaliwachukua mbele ya macho yetu. Waliteremka jabalini kama uji, wakarudi ziwani walikotoka.

Jioni Baba alikuja kibandani baada ya kufunga Sabato. Alitazama dagaa waliokauka kwa moto, wametosha kujaza magunia. Nilikuwa tayari kupigwa. Nilitamani anipige.

"Nani amewaanua?"

"Mimi, Baba. Na Ngosha. Tumeokoa ada."

Akamgeukia Ngosha akamwambia, "Mimi sikukutuma."

"Hukunituma, Nestoli."

"Basi hii si kazi yangu, na dagaa hawa si wangu. Ni wako. Watu wako wana njaa Misungwi, wapelekee."

Ngosha alidhani ni utani wa kikabila, akacheka. Halafu akaona si utani, akanitazama mimi. Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Baba aliniacha nimalize, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniua, "Siwezi kukusomesha kwa kitu nilichomwibia Mungu, Dorcas. Itapatikana kwa njia nyingine."

Nimemwona Ngosha akibeba ada yangu begani, gunia baada ya gunia. Mwishoni alirudi kuniuliza kama nina hasira naye. Nikasema sina. Yeye si mwenye kosa, mtu mwenye njaa akipewa anachukua.

Jumapili, 2 Novemba

Sijasema na Baba.

Jumatatu, 3 Novemba

Sijasema na Baba. Mama naye hasemi, lakini yeye ni kawaida yake, kimya changu mimi ni adhabu.

Jumamosi, 8 Novemba

Kanisani wamemwombea Baba kwa uaminifu wake. Mzee Chenge alisema, "Tungekuwa na Nestory kumi, kanisa lingewaka moto." Mimi wameniombea pia, kama mtoto aliyeangalia nyuma. Nilifumba macho nikamtukana Mzee Chenge kimoyomoyo kuanzia amina ya kwanza hadi ya mwisho.

Ijumaa, 14 Novemba

Mbalamwezi, na hata mwezi wenyewe hatuuoni kwa mawingu. Mvua, mvua, mvua. Nyumba tatu zimeporomoka mlimani. Tumekula mapanki, yaani mifupa ya sangara kutoka kiwanda cha minofu: nyama yake inapanda ndege kwenda Ulaya, kichwa na mifupa vinabaki kutusalimia. Baba aliombea chakula kana kwamba ni harusi.

Jumanne, 25 Novemba

Nimemwuliza Mama kwa nini hakuinuka siku ile. Alikuwa anachambua mboga. Alisema, "Ningeinuka mimi, Baba yako angebaki na nani?" Kisha akaendelea kuchambua.

Jumamosi, 29 Novemba

Ngosha amekufa.

Jana jioni ziwa lilikuwa limekasirika tangu saa kumi. Wavuvi wa Mzee Chenge wakaliona wakakataa kutoka. Hao ni watu wa maji, wanajua. Mzee Chenge hakutaka usiku wa giza upotee. Akawaambia vibarua wake wa nchi kavu, wale wanaoanika na kubeba, kwamba atakayetoka leo atapata mgao wa mvuvi. Ngosha hakujua hata kuogelea. Ng'ombe aliwajua wote kwa rangi na majina, maji hakuyajua. Alipita mlangoni kwetu tukiwa tunafungua Sabato, akasema, "Leo na mimi ni mvuvi, Nestoli!" Baba akatoka nje na kitabu cha nyimbo mkononi akamwambia asiende. Ngosha akasema Mhoja ana mimba, atakula nini. Baba alifungua mdomo. Nilisubiri alitamke lile neno lake. Halikutoka.

Dhoruba ilikuja baada ya mtumbwi wao kupotea machoni. Huko kanisani, kwenye ibada ya kufungua Sabato, Mzee Chenge alikuwa anaongoza maombi.

Asubuhi tulikuwa tumeshavaa wakaja kusema mtumbwi wa Chenge haujarudi, na vipande vimeonekana kwenye mawe. Baba akavua koti akanipa mimi nilishike. Akashuka mwaloni akaanza kuusukuma Yire majini. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa anapita na Biblia akamwambia, "Nestory, ni Sabato, na polisi wameshaarifiwa."

Baba akasema bila kugeuka, "Ng'ombe wako akitumbukia shimoni leo utasubiri jua lizame?"

Wenzake Baba wawili wakaruka ndani. Walizunguka kutwa nzima katika mawimbi, mafuta ya injini ya kuazima yakaisha wakarudi kwa makasia. Waliwapata wawili wamekumbatia jabali, wazima. Ngosha walimpata baadaye. Baba alimbeba mwenyewe kutoka majini, hakutaka mtu amsaidie, akamlaza kwenye jabali la Mama, kwa kuwa ndilo lililo safi. Mhoja alikuja akakaa karibu yake, akaanza kumtoa majani ya ziwa kwenye nywele, moja moja, akimsemesha Kisukuma.

Jioni nilimwuliza Baba, ndilo swali langu la kwanza kwake kwa mwezi mzima: "Kumbe Sabato inavunjika. Mbona siku ile haikuvunjika kwa ajili yangu?"

Akasema, "Siku ile walikuwa dagaa, nyara. Leo alikuwa mtu."

"Na mimi je? Mimi si mtu?"

Aliingia ndani. Bado nimelishika koti lake.

Jumapili, 30 Novemba

Mzee Chenge ametoa sanda na lori la kupeleka maiti Misungwi. Mhoja alipanda nyuma na jeneza. Alipoulizwa kuhusu mgao wa mvuvi, Mzee Chenge alisema mgao ni wa dagaa waliovuliwa, na usiku ule hakuna dagaa aliyevuliwa.

Jumamosi, 6 Desemba

Mzee Chenge alimwita Baba mbele atoe ushuhuda. Alimtangulizia mwenyewe: jinsi dhoruba ilivyopiga usiku wa Ijumaa, jinsi mtumbwi wa mtiifu ulivyokuwa salama nchi kavu. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi.

Baba alisimama. Akasema, "Mungu hakumuua Ngosha ili mimi nionekane mtiifu. Sina ushuhuda." Akakaa.

Ni mara ya kwanza tangu Novemba nimetamani kukaa karibu naye. Lakini nilikuwa upande wa kwaya.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimekwenda chuoni kuuliza. Karani ni muungwana, aliniambia bila kunificha: wako wanaosubiri nafasi, na wana ada mkononi. Sikumwambia Baba. Kuna haja gani? Ninajua jibu.

Nimeacha kuomba. Ninafumba macho na wengine na ninahesabu nyavu zilizotoboka.

Jumatatu, 22 Desemba

Baba ameuza mtumbwi.

Nimeandika sentensi hiyo nikakaa nikiitazama. Ameuza Yire na karabai zake na nyavu zake, na aliyenunua ni Mzee Chenge, maana ndiye aliyepungukiwa mtumbwi, na ndiye mwenye fedha. Nilikuwepo wakati wanapeana mikono pale mwaloni.

Baba alimwomba mambo mawili. Kwanza, Ijumaa usiku mtumbwi upumzike. Mzee Chenge akatabasamu: "Nestory ndugu yangu, ukishauza ng'ombe huulizi anachungwa wapi."

"Basi la pili," akasema Baba, "nipe leo nifute jina."

"Jina liache," akasema Mzee Chenge. "Mtumbwi wenye jina la Mungu wateja wanauamini. Na hata mimi naamini, Nestory, au umesahau?"

Baba alikuwa ameshakuja na kopo la rangi. Alirudi nalo nyumbani likiwa limefungwa.

Nilimwambia, "Baba, sikukuomba uuze mtumbwi." Akasema, "Najua. Nilikuwa ninaomba kila alfajiri Mungu alete kitu. Nikawa ninasubiri kitu kije, kumbe ameshanipa na nimekikalia." Alisema hivyo kana kwamba amepata jibu la hesabu ngumu.

"Na mtakula nini?"

Wallahi, kama ningekuwa mtu wa kuapa: alitabasamu. "Itapatikana."

Jumanne, 23 Desemba

Nilimlalamikia Mama kwamba Baba ametumaliza. Akaniambia, "Mimi ndiye niliyemwambia auze." Nikamwuliza kwa nini. "Kwa sababu wewe ulitoka kanisani ukakimbia. Mimi nilikaa."

Alhamisi, 25 Desemba

Wali na dagaa. Watoto wa majirani wanapiga mafataki.

Jumatatu, 12 Januari 1998

Butimba. Baba alinisindikiza, sanduku langu la bati kichwani mwake, godoro mgongoni mwangu. Njiani kila aliyetusalimia alimwambia, "Binti yangu anakwenda kuwa mwalimu," hata wasiouliza. Langoni akaniombea, amesimama, watu wanapita. Sikufumba macho. Nilitazama viatu vyake. Vile vya kanisani ndivyo anavyovaa sasa kila siku, maana amekuwa kibarua wa kupakia malori na vile vingine vimekwisha. Anapakia siku sita. Sabato hapakii, na tajiri ameshamwonya.

Jumatano, 14 Januari

Somo la saikolojia. Tumelima.

Jumapili, 25 Januari

Baba amekuja kunitembelea, ameniletea ndizi. Amekonda, lakini uso wake unang'aa, na uso huo unanitia uchungu kuliko kukonda kwake. Wamemwachisha kupakia kwa sababu ya Jumamosi zake. Nikamwuliza wanaishije.

"Dorcas, sikiliza nikwambie kitu," akasema, akaniinamia kana kwamba ni siri. "Tangu tuuze mtumbwi hatujalala njaa hata siku moja. Hata moja. Ninaweza kutoka asubuhi hakuna kitu, ninarudi sufuria lina kitu. Kila Jumapili kuna unga, kuna mafuta ya taa. Mama yako anasema ni riziki. Mungu anatulisha, nyara, sijui hata anapitia wapi. Na wewe ulikuwa unaogopa!"

Nikasema nimefurahi. Nikauliza Mama hajambo.

"Hajambo, ila magoti. Sabato siku hizi hawezi kupanda mlima wa kanisa, anabaki. Ninamwombea."

Alipoondoka nilitazama mgongo wake mpaka akakata kona. Nilifikiri, labda mimi ndiye kipofu. Labda kweli kuna mkono unaotoa, na mimi nimekaa nikiutazama kwa chuki. Usiku huu, kwa mara ya kwanza tangu Ngosha afe, nimejaribu kuomba. Nimefika kwenye "Baba yetu" nikalala.

Jumapili, 1 Februari

Precious, mwenzangu wa chumba, ni Mhaya wa Bukoba, Mlutheri, mtu wa kula. Jana mchana nilipokuwa kwenye ibada na Wasabato wenzangu wa chuo, yeye alikwenda mjini, akapitia mwaloni Igogo. Leo amekaanga dagaa kwa nyanya na kitunguu mpaka bweni zima likaja mlangoni.

"Dorcas, njoo ule dagaa wa kwenu," akasema. "Wapya kabisa, wamevuliwa juzi usiku, jana wameanikwa, na jana hiyo hiyo nimewanunua. Mtumbwi wenyewe umeandikwa maneno ya Biblia, Yehova sijui nani. Na ukiwatafuna, shoga yangu, huoni chembe ya mchanga."

Nikatia mmoja mdomoni. Nikatafuna polepole. Vichwa vyote vilikuwa mahali pake.

"Nani amekuuzia?"

"Mama mmoja, Mjaluo nadhani, mrefu. Alikuwa anawageuza juu ya jabali kwa mkono mtupu. Ana kovu hapa." Akajishika kiganja. "Hata bei alitaja kwa vidole, hakusema neno. Kwani unamjua?"

Jana. Watu wakiwa kanisani, na Baba yuko kiti cha nyuma anamwombea magoti yake. Na leo, Jumapili, nyumbani kuna unga.

"Simjui," nikasema.

Precious akapakua ugali. Wenzetu wakakaa chini kuzunguka sufuria, na kama kawaida wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye wa dini chumbani humu. "Tuombee chakula, Dorcas."

Nikafumba macho. Nikasema maneno ya Baba, yote, kama alivyonifundisha tangu nikiwa mdogo: kwamba tunamshukuru Mungu aliyetupatia riziki hii, na awabariki walioihangaikia. Wakasema amina. Kisha nikanawa nikala nao, na walipomaliza nikalamba sahani.